Bembelezi katika Kitui na Makueni: Sauti, Mwili na Maneno katika Wimbo wa Kumtuliza Mtoto

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayekwenda Ukambani kutafuta nyimbo huongozwa na sikio lake hadi penye ngoma. Hilo si ajabu. Akamba wamesifika siku nyingi kwa michezo yao ya kurukaruka, na kilumi, ngoma ya wanawake wazee, imeandikwa na wengi. Lakini wimbo unaoimbwa mara nyingi zaidi katika boma la Mkamba hauna ngoma, hauna mkusanyiko wa watu, na aghalabu hauna jina. Huimbwa na mtu mmoja kwa sauti ya chini, hali amembeba mtoto. Mtoto akishalala wimbo hukatika popote ulipofika, hata katikati ya neno, na mwimbaji hurudi kwenye kazi yake.

Vitabu vya fasihi simulizi vinavyotumiwa katika shule za upili nchini Kenya huuita wimbo huu bembelezi, bembea au pembejezi. Huuweka katika orodha pamoja na nyimbo za kazi, za jando na za harusi, kisha huutajia dhima yake: kumnyamazisha mtoto au kumlaza. Fasili hiyo haina uongo, ila ni finyu. Mwanafunzi akishaikariri hudhani ameuelewa wimbo, na mwalimu naye huona hapana la kuongeza.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fasili hiyo imefinywa na namna yetu ya kukusanya. Tumezoea kuyaandika maneno ya wimbo, kuyatafsiri, na kuyachambua maudhui yake. Katika bembelezi, hata hivyo, msikilizaji mkuu hajui maneno. Maneno ndiyo sehemu anayoihitaji kidogo kuliko zote, nayo ndiyo karibu sehemu pekee ambayo sisi wasomi tumekuwa tukiihifadhi. Hapana budi, basi, tujiulize ni nini kinachoachwa nje ya daftari, na kwa nini jambo hilo ni la haraka katika Kitui na Makueni za leo.

2. Mahali na Wenyeji

Kitui na Makueni ni majirani wanaotenganishwa kwa sehemu kubwa na Mto Athi. Kitui ilikuwa wilaya tangu enzi za ukoloni. Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992 ilipofanywa wilaya ya peke yake, na tangu mwaka 2013 zote mbili ni kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni 987,653. Walio wengi ni Akamba, na lugha yao ni Kikamba, mojawapo ya lugha za Kibantu.

Nchi hii ina mvua za misimu miwili, na mara nyingi haba. Wakulima hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi hadi Mei. Hupanda mahindi, kunde, mbaazi, pojo, mtama na wimbi. Katika sehemu nyingi maji huchotwa mbali, na mara nyingine hupatikana kwa kuchimba katika mchanga wa mto uliokauka. Wanaume wengi, na kwa muda mrefu sasa wanawake pia, huenda kufanya kazi Nairobi na Mombasa, kwani reli na barabara kuu inayoiunganisha miji hiyo hupitia Makueni, penye vituo kama Sultan Hamud, Emali, Kibwezi na Mtito Andei.

Mambo haya yanahusiana moja kwa moja na wimbo tunaouzungumzia. Mama anayekwenda mtoni, shambani au kwenye mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi, ama humbeba mtoto mgongoni ama humwachia mtu mwingine. Mahali ambapo mama yupo muda wote na hana kazi nyingine, mtoto hutulizwa kwa ziwa. Mahali ambapo kazi humwita mama mara kwa mara, hutakiwa kitu kingine cha kumtuliza mtoto hadi ziwa lirudi. Wimbo huziba pengo hilo, na kwa hiyo historia yake ni sehemu ya historia ya kazi za wanawake.

Kuhusu maandishi, wasomi hawakuisahau kabisa fasihi ya Akamba. Gerhard Lindblom wa Uswidi, aliyefanya utafiti Ukambani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alichapisha mwaka 1934 mkusanyo wa vitendawili, methali na nyimbo. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alichapisha hadithi za Akamba mwaka 1966. Nao waraka walioutoa Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1968 ulisaidia kuifanya fasihi simulizi kuwa somo la chuo, na baadaye la shule. Tangu hapo wanafunzi wametumwa vijijini kukusanya. Swali letu si kama wamekusanya, ni walichokusanya.

3. Hadhira Isiyojua Lugha

Tumezoea kusema kwamba fasihi simulizi huhitaji fanani na hadhira. Katika hadithi, hadhira huitikia, hucheka, humrekebisha fanani anapokosea. Hadhira ya bembelezi haina ujuzi wa lugha inayoimbiwa. Hata hivyo ni hadhira kali kuliko zote, kwa sababu wimbo ukishindwa italia, na haitazuiwa na adabu.

Mtoto huyu anasikia nini? Tuanze na desturi. Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, ameeleza kwamba kwa Akamba mtoto alipewa jina siku ya tatu, na siku ya nne baba alimvisha mkufu. Ndipo alipohesabiwa kuwa mtu kamili, aliyetengwa na ulimwengu wa mizimu. Kwa mtazamo huo mtoto huja kutoka kwingine na hupokewa hatua kwa hatua. Lugha nayo humpa nafasi ya pekee. Mtoto mchanga huitwa kana, wingi twana, katika ngeli ya vitu vidogo, kisha huwa mwana, ambaye wingi wake ni syana. Kiswahili sanifu kimeiacha ngeli hiyo ya ka-, na diminishi yake ya ki- mara nyingi hudunisha. Kikamba kimeihifadhi, na katika neno kana hamna dharau.

Sayansi ya miaka ya karibuni imefika mahali panapokaribiana na desturi hiyo: mtoto hazaliwi mgeni kabisa wa sauti. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha, huko Marekani, kwamba watoto wenye umri usiozidi siku tatu hunyonya chuchu ya mpira kwa namna itakayowaletea sauti ya mama yao kuliko ya mwanamke mwingine. Mwaka 2009 Kathleen Wermke wa Würzburg, Ujerumani, pamoja na wenzake, walichunguza vilio vya watoto wa siku chache. Vilio vya watoto wa Kifaransa vilielekea kupanda, na vya watoto wa Kijerumani vilielekea kushuka, kama zinavyofanya lugha za mama zao. Mwaka 2016 kundi lao liliandika juu ya watoto wa Wanso wa Kameruni, ambao lugha yao ni ya toni. Vilio vyao vilikuwa na kupanda na kushuka kwingi kuliko vya watoto wa Kijerumani.

Kwa mwanaisimu, jambo hili ni zito. Kilio cha mtoto tayari kina mahadhi, na mahadhi hayo tayari yameguswa na lugha ya nyumbani. Mwimbaji anapoanza kumbembeleza hamwagi sauti katika chombo kitupu. Anajibu sauti kwa sauti. Kilio na bembelezi vyafaa vitazamwe pamoja, kama mwito na mwitikio katika nyimbo nyingine za Kiafrika, ila hapa anayeita ni mtoto, na anayeitikia ni mtu mzima.

4. Mwili Kabla ya Maneno

Jambo la pili linaloachwa nje ya daftari ni mwili. Bembelezi haiimbwi kwa kinywa tu. Mtoto amefungwa mgongoni kwa mbeleko au leso, kifua chake kikiwa juu ya mgongo wa mlezi, na sauti humfikia kwa njia mbili: kwa hewa, na kwa mtetemo wa mwili anaoulalia. Mlezi hutembea, huyumbayumba, hupigapiga matako ya mtoto kwa kiganja. Mapigo ya wimbo ni mapigo ya hatua. Ukimwondoa mtoto mgongoni na kumwomba mlezi akuimbie mbele ya kinasa sauti, unapata maneno na lahani. Mapigo huwa yamebaki katika miguu isiyotembea.

Majaribio yanathibitisha kwamba mwili si pambo. Mwaka 1986 Urs Hunziker na Ronald Barr, waliofanya utafiti Montreal, Kanada, waliripoti kwamba watoto waliobebwa zaidi kila siku walipungukiwa na kilio kwa asilimia 43 walipofika wiki 6. Wazazi hao walipaswa kuombwa wawabebe. Katika Ukambani kubeba ndiyo desturi. Mwaka 2005 Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor waliwapigia watoto wa miezi 7 mdundo usio na mkazo dhahiri, huku wakiwarusharusha, wengine kila pigo la pili na wengine kila pigo la tatu. Baadaye kila kundi lilipendelea kusikiliza mdundo uliokazwa vile walivyorushwa. Kwa maneno mengine, mwili uliufundisha sikio. Nao watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba mtoto anayebebwa na mama anayetembea hutulia, na mapigo ya moyo wake hushuka, kuliko anayepakatwa na mama aliyeketi.

Je, wimbo wenyewe una nguvu gani? Mwaka 2016 Mariève Corbeil, Sandra Trehub na Isabelle Peretz waliwasikilizisha watoto wa Montreal, wasiopungukiwa miezi 6, wimbo wa Kituruki ambao hawakuujua. Walikaa kwa utulivu kama dakika 9 kabla ya kuanza kulalamika. Waliposikilizishwa maneno ya kusemwa tu, walitulia kama nusu ya muda huo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard nao walionyesha kwamba watoto wa Marekani walitulizwa zaidi na bembelezi za mataifa ya mbali kuliko nyimbo za aina nyingine kutoka mataifa hayohayo.

Matokeo haya yaweza kumfanya mtu aseme: kama wimbo wa Kituruki unamtuliza mtoto wa Kanada, basi lugha haina kazi. Hitimisho hilo ni la haraka mno. Utulivu ni jambo moja. Kufungamana na watu fulani na lugha fulani ni jambo la pili. Wimbo wowote wa upole waweza kuleta la kwanza. La pili huhitaji sauti ileile, ya watu walewale, irudiwe siku baada ya siku.

5. Sauti za Kikamba

Hapa yatupasa kuitazama lugha yenyewe. Kikamba kina irabu saba, zinazoandikwa i, ĩ, e, a, o, u, ũ, na urefu wa irabu hubadili maana. Konsonanti nyingi za asili zimedondoka, ndiyo maana irabu hufuatana moja kwa moja kuliko katika Kiswahili. Tena ni lugha ya toni. Wataalamu waliouchunguza mfumo huo, ambao si mwepesi, wamehesabu hata viwango vinne. Wilfred Whiteley na M. G. Muli walikwisha kuwatahadharisha wanafunzi juu ya mambo ya matamshi katika kitabu chao cha mwaka 1962.

Mtu mzima anayejifunza Kikamba hulemewa na mambo hayohayo matatu: irabu ya ĩ na ya ũ, urefu, na toni. Lakini tazama wimbo wa kubembeleza hufanya nini. Huvuta irabu. Hurudia silabi. Huenda polepole. Hupanda na kushuka waziwazi kuliko mazungumzo. Sifa za sauti zinazomtatiza mgeni ndizo wimbo unazozikuza na kuzirudia mbele ya mtoto, muda mrefu kabla hajaweza kutamka lolote. Kwa sababu hiyo twaweza kusema kwamba bembelezi ni darasa la kwanza la fonolojia, ingawa mwalimu wake hana habari kwamba anafundisha.

Hoja hii ina uzito zaidi tukikumbuka jambo lililoandikwa juu ya malezi katika Kenya. Robert LeVine na wenzake, waliofanya utafiti Kisii katika miaka ya 1970 na kuchapisha kitabu mwaka 1994, waliona kwamba akina mama wa Kigusii walikuwa wepesi sana kuitikia kilio cha mtoto kwa kumbeba na kumnyonyesha, lakini hawakuwa na mazoea ya kuzungumza naye ana kwa ana kama mama wa Marekani. Watafiti hao hawakusema kwamba malezi hayo ni duni. Walieleza kwamba yana shabaha tofauti, yaani afya na utulivu. Wengine, hata hivyo, wamechukua habari za namna hiyo kuwa ushahidi kwamba mtoto wa Kiafrika huanyimwa lugha katika mwaka wake wa kwanza. Anayesema hivyo amehesabu mazungumzo ya uso kwa uso na kusahau mgongo. Mtoto aliye mgongoni husikia mazungumzo yote ya mbebaji wake, na husikia wimbo unaoelekezwa kwake yeye. Kama bembelezi haitiwi katika hesabu ya maneno aliyosikia mtoto, hesabu hiyo ina kasoro.

6. Maneno na Msikilizaji wa Pembeni

Kama mtoto hahitaji maneno, kwa nini maneno yapo? Mwimbaji angeweza kuguna tu, na mara nyingi huguna. Jibu ni kwamba yuko msikilizaji mwingine.

Maudhui ya bembelezi za Afrika Mashariki yanafahamika: mtoto huulizwa ni nani aliyemchokoza, huambiwa kwamba mama amekwenda shambani au sokoni na atarudi na chakula, au hutishwa kwa mnyama mkali. Mambo haya hayamhusu sana mtoto asiyejua hata soko ni nini. Humhusu anayeimba. Kuuliza nani amemliza mtoto ni kusema mbele ya watu kwamba kuna mtu amekosa. Kuahidi kwamba mama atarudi ni kumkumbusha mama aliye karibu kwamba muda umepita. Ahadi ya chakula, katika nchi ambayo majira ya njaa hupewa majina na kukumbukwa kwa majina hayo, haiwezi kuwa maneno matupu.

Msomi wa fasihi atakumbuka mhadhara wa mshairi Federico García Lorca mwaka 1928 juu ya bembelezi za Uhispania. Lorca alishangazwa na huzuni yake. Aliona kwamba nyimbo hizo zilibebwa na wanawake maskini, yaya na watumishi, walioziingiza katika nyumba za matajiri, na kwamba mwanamke mwenye mzigo wa maisha hakuweza kuuficha hata alipomwimbia mtoto. Nyumbani kwetu mwimbaji naye mara nyingi ni mtu asiye na kauli kubwa: msichana mdogo aliyeachiwa mtoto, au mke aliyeolewa karibuni na anayeishi chini ya macho ya mavyaa. Hawezi kumjibu mkubwa wake, lakini anaweza kumwambia mtoto. Wakubwa husikia, na hakuna aliyekosewa adabu, kwa kuwa yaliyosemwa yalisemwa kwa asiyeelewa.

Majina nayo yaongezwe hapa. Kwa desturi ya Akamba watoto wa kwanza hupewa majina ya wazazi wa baba, na mke kwa heshima hakuyataja hovyo majina ya wakwe zake. Mke mwenyewe aliitwa kwa jina lenye Syo-, maana yake mama wa fulani. Majina mengine husimulia saa na hali ya kuzaliwa: Wambua huhusishwa na mvua, Wayua na njaa, Mwanzia na safari. Jina linapoingia katika wimbo, haliwi kipande cha kujazia mizani. Mtoto anaitwa, na pamoja naye huitwa mzee wa ukoo, au mwaka wa shida ambao kila mtu mzima bomani anaukumbuka. Mtoto husikia sauti ya jina lake; wakubwa husikia historia yao.

Kwa hiyo maana ya bembelezi imegawanyika. Sauti na mwendo ni vya mtoto; maneno ni ya watu wazima; na mwimbaji yuko katikati, akihudumia pande mbili kwa pumzi moja. Anayeandika maneno tu amerekodi nusu inayowahusu watu wazima, tena bila kutuambia ni watu wazima gani waliokuwapo.

7. Mlezi Anapobadilika

Jambo linalotia haraka ni kwamba mnyororo wa kurithisha nyimbo hizi umebadilika. Zamani mlezi wa kawaida alikuwa msichana wa miaka sita hadi kumi hivi. Thomas Weisner na Ronald Gallimore walionyesha mwaka 1977 jinsi ulezi wa watoto kwa watoto wenzao ulivyoenea duniani, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizochunguzwa. Msichana alijifunza nyimbo mgongoni mwa dada yake, akaziimba kwa mdogo wake, kisha kwa mwanawe.

Serikali ya Kenya iliondoa karo kwa madarasa manne ya kwanza mwaka 1974, na mwaka 2003 ikaondoa karo ya shule za msingi zote. Msichana akaenda shule. Haitupasi kuulilia wakati ambapo mtoto wa miaka minane alikosa darasa ili abebe mtoto mwingine. Lakini ni haki kusema kwamba kiungo kimoja cha mnyororo kiliondoka, na hakuna aliyekiandika kabla hakijaondoka. Leo mtoto huachwa na susu, yaani nyanya yake, au na msichana wa kazi, au katika chumba cha malezi mjini. Stesheni za Kikamba kama Musyi FM zimeleta muziki wa Kikamba ndani ya kila nyumba, na simu ya mkononi hupewa mtoto ili anyamaze. Redio huimba vizuri, ila haiwezi kumsikia mtoto. Haitapunguza mwendo mtoto anaposinzia, wala kuanza upya anaposhtuka.

Liko pia badiliko lisilotazamwa. Wasichana wengi wa Kitui na Makueni wameajiriwa katika nyumba za Nairobi kulea watoto wa watu wa makabila mengine. Kama ilivyokuwa kwa yaya wa Lorca, huingia na nyimbo zao. Wako watoto wa Nairobi ambao sauti ya kwanza iliyowalaza ilikuwa ya Kikamba, ingawa nyumba yao inasema Kiswahili au Kiingereza, na huenda wasiijue lugha hiyo kamwe. Huku Kitui, mtoto wa msichana huyo huyo hulazwa na susu. Nani anarithi wimbo wa nani, hapo ni swali la isimujamii, na jibu lake haliko katika vitabu vyetu.

Sera ya lugha haigusi jambo hili. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini, na Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unashikilia msimamo huo. Ni sera njema, lakini huanza mtoto afikapo mlangoni mwa shule. Wakati huo amekwisha kupokea, au kukosa, miaka mitatu au minne ya sauti.

8. Tamati: Namna ya Kukusanya

Kutokana na yaliyoelezwa, makala haya yanapendekeza kwamba idara zetu zibadili utaratibu wa kukusanya bembelezi. Kwanza, wimbo urekodiwe mtoto akiwapo na akibembelezwa kwa kweli, kwa idhini ya mzazi, hata kama kilio kitaingia katika kinasa sauti. Kilio hicho ni sehemu ya wimbo. Pili, iandikwe ni nani aliyeimba, umri wake, na uhusiano wake na mtoto. Ni nani wengine waliokuwapo. Ni saa ngapi. Na mlezi alikuwa ametembea, ameketi, au akitwanga. Tatu, muda upimwe: wimbo ulianza lini, ulipunguza mwendo wapi, ulikatika wapi. Nne, maneno yaandikwe kwa alama kamili za irabu, urefu na toni, na toni za wimbo zilinganishwe na toni za maneno hayohayo yakisemwa. Lahani ikizifuata toni za lugha, mtoto anapewa mfano sahihi wa usemi. Ikiziacha, tutajua kwamba mwimbaji amemthamini mtoto anayetaka utulivu kuliko mkubwa anayetaka maana. Ni ulinganisho ambao mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuufanya kwa muhula mmoja.

Tano, matokeo yawarudie wenyeji. Utafiti ulioongozwa na Joanne Loewy, na kuchapishwa mwaka 2013, ulihusu watoto njiti 272 katika hospitali 11 za Marekani. Sehemu ya matibabu hayo ilikuwa nyimbo walizozichagua wazazi wenyewe, nazo zilihusishwa na manufaa kwa watoto na kupungua kwa wasiwasi wa wazazi. Mama aliyejifungua kabla ya wakati huko Kitui au Wote, anayemweka mtoto kifuani ili apate joto, hahitaji kuletewa santuri. Anahitaji kuambiwa na wauguzi kwamba wimbo alioimbiwa na susu wake una nafasi wodini.

Nyanya wengi wanaojua nyimbo hizi wangali hai, na wangali wakibeba wajukuu. Mwanafunzi atakayekwenda kwao likizo ijayo asianze kwa kuwaomba maneno. Amngoje mtoto alie, kisha asikilize.